Habari za Dagaa wa Ziwa Viktoria

Katika kurasa nyingine za kijitabu hiki wanachama watasoma habari za pamba, za maghala, na za hesabu za miaka 10 ya Chama chetu Kikuu. Kurasa hizi chache zimetengwa kwa ajili ya samaki. Huenda mtu akauliza: samaki ana uhusiano gani na ushirika wa wakulima? Jibu si gumu. Mkulima wa kando ya ziwa hushinda na jembe, lakini jioni ugali wake husukumwa na dagaa. Afugaye kuku huwachanganyia dagaa pamoja na pumba na mashudu ya pamba. Tena katika kaya nyingi za wanachama wetu, mmoja hulima na mwingine huanika dagaa mwaloni. Fedha ya dagaa hulipia kibarua wa palizi, na fedha ya pamba hununua wavu.

Hata hivyo dagaa hapewi heshima. Mtu akipata mgeni humtafutia sato. Na akikutwa na mgeni huyo mezani pana dagaa, huona haya kidogo. Historia haikumtazama dagaa kwa jicho hilo. Katika muda wa miaka 60 na zaidi, samaki waliokuwa wakubwa na wenye sifa walipungua au wakatoweka, na huyu mdogo akabaki, akaongezeka, akalisha nchi. Makusudi ya makala hii ni kueleza jinsi dagaa alivyopata kuwa nguzo ya ziwa, na kuonyesha kwamba utajiri wake mwingi haupotei majini. Hupotea mchangani.

JINA LAKE NA UKOO WAKE

Neno dagaa ni pana. Watu wa pwani huita dagaa samaki wadogo wa baharini. Watu wa Kigoma huita dagaa samaki wa Ziwa Tanganyika ambao wataalamu wamewaweka katika jamii moja na sadini wa bahari. Dagaa wa Ziwa Viktoria ni mwingine kabisa. Yeye ni wa kundi kubwa la samaki wa maji baridi ambalo ndani yake wamo pia ningu na kuyu, samaki wasio na meno katika taya zao. Waluo wa Kenya humwita omena, na nchini Uganda huitwa mukene.

Katika vitabu vya elimu ya viumbe, dagaa huyu alipata jina lake la kwanza mwaka 1904. Bwana Jacques Pellegrin, mtaalamu wa samaki wa Jumba la Makumbusho la Paris, aliwachunguza samaki walioletwa kutoka ziwani na msafiri Mfaransa, Bwana Charles Alluaud, akamwita mmoja wao Neobola argentea. Neno argentea ni la Kilatini, na maana yake ni “ya fedha”. Yeyote aliyeona wavu wa dagaa ukiinuliwa mbele ya taa atakubali kwamba jina hilo lilichaguliwa vema.

Baadaye jina lake lilihamishwa mara zaidi ya moja. Kwa muda mrefu vitabu vilimweka katika jenasi Engraulicypris, pamoja na usipa wa Ziwa Nyasa. Jenasi ni kama mlango katika ukoo: spishi zinazokaribiana sana kwa maumbile hukaa katika mlango mmoja. Mwaka 1936 Mmarekani Bwana Henry Fowler alimfungulia dagaa wetu mlango wake mwenyewe, Rastrineobola. Lakini vitabu vingi viliendelea na jina la zamani hadi miaka ya 1980, wataalamu walipoichunguza upya mifupa ya samaki hawa wote. Tangu hapo dagaa huitwa Rastrineobola argentea. Katika mlango huo hana ndugu. Ni spishi moja tu, nayo makao yake ni Ziwa Viktoria, Ziwa Kyoga, Mto Nile uunganishao maziwa hayo, na maji madogo yaliyo jirani. Kwingine kote duniani hapatikani kwa asili.

Binamu anao. Mwaka 2016 wataalamu walipoipanga upya jenasi Engraulicypris, walimwacha humo usipa wa Ziwa Nyasa, wakamweka pamoja naye muziri wa Ziwa Albert, na samaki mdogo wa Mto Ruvuma wakampa jina jipya la kitaalamu lenye neno ngalala. Katika Ziwa Turkana yupo binamu mwingine, Neobola stellae. Wote hao ni wadogo, wembamba, weupe wa kung'aa, na huishi kwa makundi. Yaonekana kila ziwa limepewa wa kwake.

Dagaa wetu ni urefu wa kidole. Ni nadra kupita sentimita 9. Chakula chake ni vijidudu vidogo sana vinavyoelea majini, pamoja na wadudu. Mchana hushuka kwenye maji ya chini. Giza likiingia hupanda juu. Hukomaa na kuzaa kabla ya kutimiza mwaka. Mambo hayo matatu, yaani udogo wake, mwendo wake wa usiku na wepesi wake wa kuzaa, ndiyo yaliyoamua historia yake yote.

ZIWA KABLA YA TAA

Zamani samaki wa heshima katika ziwa hili alikuwa ngege. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, samaki walipata njia ya kufika kwenye miji ya mbali. Na mwaka 1905 nyavu za kutega za Kizungu zilianza kutumiwa katika ghuba ya Kavirondo. Wavu wa namna hiyo ulivua kuliko mitego ya asili, na watu wengi wakauandama. Baada ya miaka 20 hivi mavuno ya ngege kwa kila wavu yalikuwa yamepungua, hata serikali za wakati ule zikamwita mtaalamu kutoka Uingereza, Bwana Michael Graham, aje kulipima ziwa. Alifanya kazi hiyo mwaka 1927 na 1928, na taarifa yake ikapigwa chapa mwaka 1929.

Bwana Graham alitoa mashauri mawili yanayostahili kukumbukwa. La kwanza, matundu ya nyavu za ngege yasipungue inchi 5. La pili, asiletwe ziwani samaki mkubwa alaye wenziwe, maana madhara yake hayatajulikana mpaka yamekwisha kutokea. Shauri la kwanza lilifanywa sheria, lakini kati ya miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 sheria hiyo iliondolewa, nchi moja baada ya nyingine. Shauri la pili tutalirudia.

Katika miaka hiyo yote dagaa hakutajwa sana. Alikuwamo majini kwa wingi wake, lakini nyavu za ngege zilimpitisha kama maji. Wengine waliopuuzwa pamoja naye ni furu, wale samaki wadogo wa aina mamia ambao hawapatikani mahali pengine. Meli ya utafiti iitwayo Ibis ilipolipima ziwa kati ya 1969 na 1971, ilionekana kwamba furu peke yao walikuwa kama asilimia 80 ya uzito wa samaki waliovuliwa chini ya maji kwa wavu wa kukokota.

TAA NA WAVU

Kwamba samaki wadogo hufuata mwanga si jambo geni katika nchi zetu. Wavuvi wa Ziwa Tanganyika walikuwa wakivua kwa moto wa kuni tangu kale, na baadaye karabai zikachukua mahali pa moto. Katika Ziwa Viktoria uvuvi wa dagaa kwa biashara ulianza kushika nguvu katika miaka ya 1960. Vyombo vyake vilikuwa vichache: mtumbwi, wavu wenye matundu madogo, na karabai.

Kazi yenyewe hufanywa usiku wa giza. Taa huwekwa juu ya maboya, zikaachwa zielee. Vijidudu hukusanyika kwenye mwanga, na dagaa huvifuata, mpaka maji yaliyo chini ya taa huchemka kwa samaki. Ndipo wavuvi huizunguka taa kwa wavu, wakauvuta. Mwezi ukiwa mpevu, nuru yake hutawanya samaki ziwani kote na taa haina kazi. Kwa sababu hiyo mvuvi wa dagaa huhesabu miezi kama mkulima ahesabuvyo mvua. Siku za mbalamwezi hushona nyavu, hupumzika, au huenda shamba. Katika miaka ya karibuni karabai zimeachia nafasi taa za betri na za jua, ambazo hazihitaji mafuta wala utambi. Lakini sheria ya mwezi haikubadilika.

SANGARA ANAINGIA

Sasa twarudi kwenye shauri la pili la Bwana Graham. Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, sangara alitiwa katika maji ya Ziwa Viktoria. Waliotaka aletwe walisema kwamba furu ni mifupa mitupu, wala hawana soko. Afadhali waliwe na samaki mkubwa, naye mkubwa avuliwe na watu. Waliokataa walirudia onyo la mwaka 1929. Wakati mabishano yakiendelea, samaki alikuwa amekwisha kuonekana majini.

Kwa miaka 20 hivi hakukuwa na kishindo. Kisha, mnamo mwaka 1980, sangara walijaa katika ghuba ya upande wa Kenya, na baada ya miaka michache wakajaa na upande wa Tanzania. Furu waliokuwa wengi kuliko wote walipungua upesi ajabu, na aina nyingi hazikuonekana tena. Kundi la wataalamu wa Uholanzi lililokuwa likifanya kazi katika Ghuba ya Mwanza tangu mwaka 1977 lilikuja kuchunguza furu hai. Likajikuta linaandika habari za kutoweka kwao.

Kwa upande wa fedha, sangara alileta mengi. Viwanda vya minofu vilijengwa kuzunguka ziwa, na minofu ikasafirishwa hadi Ulaya. Lakini samaki aliyepata bei ya Ulaya aliondoka kwenye sahani ya mwenyeji. Mwananchi wa kawaida aliachiwa mapanki, yaani kichwa na mifupa iliyobaki baada ya minofu kukatwa. Aliyetaka samaki mzima kwa bei anayoiweza alibakiwa na mmoja tu: dagaa.

DAGAA ANABAKI

Watu wengi walidhani dagaa naye angeisha, kwa kuwa sangara humla vilevile. Haikuwa hivyo. Furu waliokuwa wakishindana naye kwa chakula waliondoka, na vijidudu vya majini vikabaki vyake. Naye kwa kuwa huzaa mapema, aliweza kujaza pengo kabla adui hajalimaliza kundi.

Mwili wake pia ulibadilika. Wataalamu wa Mwanza walipowalinganisha dagaa wa miaka tofauti waliona mambo mawili. Kwanza, walianza kuzaa wakiwa wadogo kuliko wazazi wao wa zamani. Pili, walianza kuishi pia karibu na chini ya ziwa, mahali palipokuwa pa furu, ambako hewa ya majini ni haba. Na matamvua yao yakawa na nyuzi nyingi zaidi za kuvutia hewa. Mabadiliko hayo yalionekana katika miaka michache tu ya 1980. Ndege nao walitoa ushahidi. Mdiria, yule mweusi na mweupe anayepiga mbizi karibu na ufuko, zamani alilisha makinda yake furu. Furu walipokwisha aligeukia dagaa. Lakini kwa kuwa dagaa ni mwepesi kuliko furu, ilimbidi avue samaki wengi zaidi kwa siku ili ashibishe kiota kilekile. Mama wa watoto wengi asomaye maneno haya atamwelewa ndege huyo.

Tangu mwaka 1999 ziwa limepimwa mara kwa mara kwa mawimbi ya sauti, chombo kikitembea juu ya maji na kuhesabu makundi yaliyo chini. Vipimo hivyo, pamoja na hesabu za mialo, vimeonyesha kwamba dagaa ndiye aliye mwingi. Katika miaka ya 2010 mavuno yote ya Ziwa Viktoria yalikadiriwa kuwa karibu tani milioni moja kwa mwaka, na dagaa peke yake alikuwa kama nusu ya uzito huo au zaidi. Katika Ziwa Albert nako mambo yalielekea njia hiyohiyo: samaki wakubwa walipopungua, muziri na mwenziwe ragoge ndio waliojaza mitumbwi. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Hapa haba imejaza ziwa.

MCHANGA, MVUA NA NDOO

Tumfuate sasa dagaa kutoka mtumbwini. Alfajiri chombo hutia nanga, na wanunuzi wa kwanza, wengi wao wakiwa akina mama, hungoja wakiwa na mabeseni na ndoo. Hapo hapana mizani. Dagaa mbichi hupimwa kwa ndoo, na ndoo ya mmoja si ndoo ya mwingine: moja imebonyea, nyingine imejazwa kichungu, ya tatu imebaki na maji. Mnunuzi hulipa, kisha huenda kuanika.

Kwa siku ya jua kali, dagaa akianikwa asubuhi huweza kukauka jioni. Kilo tatu hadi nne za dagaa mbichi huleta kilo moja ya dagaa mkavu. Tangu mwanzo njia iliyozoeleka ni kumwaga samaki juu ya mchanga, juu ya mawe, au juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa chini. Njia hii haina gharama leo, lakini gharama yake hulipwa kesho. Dagaa wa mchangani huokota mchanga, mavi ya kuku na ya mbuzi, na upande wake wa chini hukauka kwa shida. Mpishi humwosha mara tatu, na bado jino hugonga changarawe. Mnunuzi wa mbali hujua hayo, naye hukata bei mapema kwa ajili ya mchanga ambao huenda haumo.

Kichanja ni dawa ya jambo hilo. Ni miti michache iliyosimamishwa, ikatandikwa wavu juu, kimo cha kiuno. Upepo hupita juu na chini, kwa hiyo samaki hukauka upesi na pande zote, mifugo haimfikii, mchanga haumgusi. Dagaa wa kichanjani huuzwa kwa bei iliyo juu, maana huliwa bila mashaka. Katika mialo kadhaa vichanja vimejengwa, na palipojengwa vikatunzwa faida imeonekana. Lakini mama mmoja mwenye ndoo tatu hawezi kujenga kichanja cha kumtosha, wala hana ardhi ya kukisimamisha.

Msimu wa masika ndio mtihani mkubwa. Mwandishi wa makala hii alipata kukaa katika mwalo mmoja siku ambayo mvua ilinyesha kabla ya saa nne asubuhi. Samaki wa usiku ule walikuwa wengi, na bei ya ndoo ilikuwa imeshuka. Kila mmoja alinunua kwa furaha. Mvua ilipoanza, wanawake walikimbia na maturubai, lakini maturubai hayakutosha. Kufikia siku ya pili fedha ile ing'aayo ilikuwa imegeuka kuwa uji wa kahawia. Mama mmoja aliyekuwa amekopa ili anunue alizoa samaki wake kwa jembe, akawarudisha ziwani. Hakulia. Alisema tu kwamba mkopo hauozi. Samaki wale hawakukosekana majini, wala mvuvi hakukosa wavu. Kilichokosekana kilikuwa paa, chanja na ghala.

MTOTO NA KUKU

Dagaa mkavu aliyesalimika huingia kwenye magunia, na safari yake huwa ndefu. Soko la Mwaloni, Kirumba, mjini Mwanza, hupokea magunia kutoka visiwani na pwani zote za jirani, na wanunuzi wake hutoka hata Kongo, Rwanda na Burundi. Magunia mengine huenda katika miji yetu wenyewe. Na sehemu kubwa huishia viwandani, ikasagwa kuwa chakula cha kuku, cha nguruwe, na cha samaki wa kufugwa.

Hapa pana jambo ambalo wanachama hawana budi kulitafakari bila hasira. Zaidi ya nusu ya uzito wa dagaa mkavu ni protini, ile ijengayo mwili. Kwa kuwa huliwa mzima, na mifupa yake na kichwa chake, humpa mlaji madini ya chokaa, chuma na zinki, na vitamini A, ambavyo minofu ya samaki mkubwa haina kwa kiasi hicho. Kwa mtoto aliyeachishwa ziwa, akilishwa uji wa mahindi mtupu, kijiko cha unga wa dagaa ni msaada mkubwa kwa gharama ndogo. Lakini mwenye kiwanda cha chakula cha mifugo hununua kwa tani na hulipa siku ileile, hali mama wa mtoto hununua kwa kikombe. Katika ushindani wa namna hiyo kikombe hushindwa.

Hatusemi kuku wasile. Wanachama wetu wengi ni wafugaji, na kuku wa kwetu ni ada ya shule ya watoto wetu. Twasema kwamba haifai dagaa anayeweza kuliwa na mtu ageuke chakula cha kuku kwa sababu tu alianikwa mchangani. Dagaa wa kichanjani aende sokoni kwa watu, na aliyevunjika au kuharibika kidogo aende kwa mifugo. Wakulima wa pamba wanaijua kanuni hiyo tangu enzi za wazee wao: safi iwekwe mbali na fifi, na kila moja ipate bei yake. Mwenye kuchanganya safi na fifi katika gunia moja huuza zote kwa bei ya fifi. Kadhalika samaki mmoja akioza, huoza wote.

SOMO LA NINGU

Msomaji asidhani kwamba dagaa hawezi kwisha. Ukoo wake una kumbukumbu ya msiba. Ningu, tuliyemtaja mwanzoni, alikuwa akipanda mito kwa maelfu wakati wa mvua ili akazae, na watu wa mitoni walimvua kwa mitego yao bila kummaliza. Nyavu mpya zilipoenea, zilitandazwa kwenye midomo ya mito msimu uleule wa kupanda. Ningu walinaswa wakiwa na mayai tumboni, kabla ya kuzaa. Kufikia miaka ya 1960 uvuvi wa ningu, uliokuwa fahari ya vijiji vingi vya mitoni, ulikuwa umeporomoka, na haujarudi ulivyokuwa.

Dagaa ana nafuu kwa kuwa huzaa upesi, lakini nyavu zake nazo zimezidi kuwa na matundu madogo, na kokoro zinazoburuzwa ufukoni huzoa wachanga pamoja na makinda ya samaki wengine. Nchi tatu zenye ziwa hili zilitia saini mkataba mwaka 1994 na kuunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Viktoria, lenye makao yake Jinja, ili kanuni za nchi moja zisipingane na za nyingine. Na katika mialo viliundwa vikundi vya wavuvi wenyewe vya kulinda rasilimali, ambavyo wengi huviita BMU. Vyombo vipo. Lakini kanuni ya matundu haiwezi kulindwa na mtu mwenye njaa. Mvuvi anayepata bei mbaya kwa ndoo hutafuta ndoo nyingi, na ili apate nyingi hupunguza tundu la wavu. Yule anayepata bei ya haki kwa kilo ana sababu ya kungoja samaki akue. Basi kulinda ziwa na kulinda bei ni kazi moja.

MIZANI

Wazee wetu wa pamba walipita njia hii. Katika miaka ya 1940 na mwanzo wa 1950, malalamiko makubwa ya wakulima wa mikoa ya ziwa yalikuwa juu ya mizani ya wanunuzi. Mkulima alijua uzito wa kazi yake, lakini hakujua uzito wa pamba yake, maana mizani ilikuwa mikononi mwa mwingine. Malalamiko hayo yalikuwa miongoni mwa sababu zilizowafanya waunde vyama vyao vya msingi, kisha vyama vikuu. Na mwaka 1955 vyama vikuu vikaungana katika shirikisho la VFCU, lililoongozwa na Bwana Paul Bomani. Mambo hayakwenda sawa siku zote. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa kwa amri ya serikali, na sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Lakini jambo moja wazee walilipata wala hawakulisahau: mkulima ashike mizani yake mwenyewe.

Dagaa bado anaingoja mizani hiyo. Leo hupimwa kwa ndoo mwaloni, kwa debe njiani na kwa gunia sokoni, na katika kila kipimo kimoja kugeuzwa kuwa kingine, mwenye kuanika hupoteza kidogo. Chama cha msingi kinachoweza kununua mizani ya pamba chaweza kununua ya dagaa. Ghala linalokaa tupu baada ya msimu wa pamba laweza kuhifadhi magunia ya dagaa masika yanapoingia. Miti ya kichanja ni ileile ijengayo uchanja wa mahindi. Na mikopo midogo ambayo leo mama mwanikaji huipata kwa riba ya kukata shingo, kwa mtu binafsi, yaweza kutoka katika mfuko wa wanachama, naye akawa mwanachama kwa haki yake mwenyewe, si kwa jina la mumewe.

Katika miaka 10 iliyopita Chama chetu Kikuu kimejifunza kuhesabu pamba vizuri. Miaka 10 ijayo yafaa kijifunze kuhesabu dagaa. Samaki huyu hana mnofu wa kupeleka Ulaya, wala hana jina la kumpa mgeni. Lakini ngege alipopungua, furu walipotoweka, na sangara alipopanda ndege, yeye alibaki nasi. Mwalo ulio karibu na ofisi yetu hupokea mitumbwi alfajiri kila usiku wa giza unapokwisha. Mjumbe wa kamati atakayekwenda huko na mizani begani atakuwa ameanza kazi.